Pikipiki Kongwe ya Mzee wa Ng'ambo



Mwezi huu wa Mfungo Tano kikundi chetu cha akina mama wa Idsowe kilinipa kazi ambayo, kwa desturi za hapa kwetu, haagizwi mwanamke: niende nikaikague pikipiki kongwe kabla fedha za kikundi hazijatoka mkobani. Kisa chenyewe si kirefu, lakini mna mambo ndani yake ambayo dada zangu kadhaa wameniomba niyaandike. Siku hizi ni nadra hapa pwani kuipata nyumba isiyokuwa na kijana anayetafuta pikipiki, na fedha ya kuinunulia mara nyingi hutoka katika pindo la kanga ya mama yake.

Nilichaguliwa mimi kwa sababu marehemu mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa pikipiki pale Garsen, na kwa miaka mingi nilikuwa ndiye mshika tochi wake. Kazi nyingi zilimjia usiku. Nami nilisimama pembeni nikimmulikia, nikimpa spana, nikimsikiliza akizungumza na injini kama mtu azungumzavyo na mbuzi mkaidi. Mtu hujifunza kwa kumulika. Alipofariki, vijana wa hapa waliendelea kuniletea maswali yao, na jina la Mama Fundi likanibakia.

Haja ya pikipiki ilikuwa wazi kwetu sote. Maembe yetu ya kando ya mto huoza chini ya miti kwa kukosa cha kuyafikisha Garsen kwa wakati, na mwenye bodaboda hutudai nauli inayokula faida yote. Tena liko jambo zito kuliko maembe. Katika mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, kila mama hapa aliishi na hofu moja: uchungu umshike mwanamke usiku, naye hana cha kumfikisha Hospitali ya Ngao. Tulitaka chombo kilicho chetu, kisichosubiri mtu akubali kuamka.

Pikipiki mpya hupatikana, na wakopeshaji wake hawaoni taabu kukufuata hadi mlangoni. Unalipa kidogo kidogo kila siku kwa mwaka na zaidi, na ukikaa chini na kalamu unakuta umelipa ziada ambayo sisi katika kikundi hatukuweza kuiita kwa jina lolote ila riba. Tulikataa. Tukaamua kununua kwa taslimu, na taslimu tuliyokuwa nayo haikufika bei ya chombo kipya. Ndipo tukasikia kwamba mzee mmoja mfugaji, wa ng'ambo ya mto, anaiuza pikipiki yake ya zamani kwa shilingi 45,000.

Ilikuwa Yamaha AG100. Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka kwa sura hata kama hawalikumbuki jina: pikipiki ndefu kwenda juu, yenye kikapu kipana cha chuma nyuma na vyuma vya kukinga mikono. Ndiyo waliyokuwa wakipanda mabwana shamba na watu wa chanjo za mifugo. Herufi hizo mbili za AG zimetokana na neno la Kiingereza la kilimo, kwani iliundwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakulima na wachungaji wa kondoo wa Australia na New Zealand. Baadaye serikali na mashirika ya misaada yakaileta Afrika kwa wingi. Waliokaa wakaichora walifikiria matope. Cheni yake imefunikwa yote ndani ya boksi, isile mchanga. Ina mguu wa kuegemea kila upande, ili mtu aweze kuisimamisha katika mteremko wowote. Breki zake ni za ngoma, mbele na nyuma. Ukiitazama barabara ya udongo mweusi ya kwetu baada ya mvua, unaona kwamba waliomchorea mkulima wa Australia chombo hiki walituchorea na sisi bila kutujua.

Injini yake ni ya mipigo miwili, ambayo mafundi huiita tustroki, na hapo pana jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu tangu mwanzo. Pikipiki nyingi za bodaboda za leo ni za mipigo minne: oili hukaa chini ya injini, ikazunguka, ikachoka, ikamwagwa. Katika tustroki, pistoni hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli na kuungua nayo. Katika AG100 oili hiyo ina tangi lake dogo, na pampu ndogo huigawia injini kipimo chake. Pampu hiyo ikifa na mpandaji asijue, pistoni hukaukia ndani ya silinda ikashikana nayo. Oili ya giaboksi nayo ni nyingine kabisa, na hukaa mahali pake peke yake. Mume wangu alizoea kuniambia kwamba ukizitazama oili hizo mbili kwa makini, umeshaisoma nusu ya habari ya injini.

Nilipowaeleza wenzangu namna nitakavyoikagua, mkutano ulinyamaza. Kisha bibi mmoja mwenye heshima zake akasema kwa upole kwamba mzee yule ni mtu wa swala tano, ndevu zake nyeupe, na kwenda kumfungulia pikipiki yake mbele ya watu wa nyumbani kwake ni kumwambia usoni kuwa hatumwamini. Wengine wakaitikia. Ikatajwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye ni Muorma na sisi wengi ni Wapokomo, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo. Yaliyotokea katika delta hii toka Agosti 2012 hadi mwanzo wa 2013, ambapo zaidi ya watu mia moja walipoteza maisha, hatuyasimulii ovyo mbele ya watoto. Lakini yamo katika kila mkono tunaopeana sokoni. Wenzangu waliona ni afadhali tununue kwa kuaminiana, na kama kuna ila, tuimeze kimya.

Mimi niliyaona mambo kinyume chake. Ila hailiwi kimya. Pikipiki ikivunjika baada ya mwezi mmoja, na shilingi elfu arobaini na tano za akina mama zikiwa zimezama, ni nani atakayezuia ulimi? Litasemwa neno kisimani Idsowe, litavuka daraja, na likifika ng'ambo halitakuwa tena neno la pikipiki.

Nikawakumbusha tuliyosomeshwa madrasa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akaliona rundo la chakula, akautia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu ambao juu haukuonekana. Muuzaji akaeleza kuwa ni mvua iliyokinyea chakula. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatoa onyo lake linalojulikana kwa kila anayeghushi. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na sisi tumezoea kuisimulia tukimkusudia muuzaji peke yake. Mimi hupenda kuutazama na ule mkono. Mbora wa viumbe hakuona haya kuuingiza ndani ya rundo la mtu.

Wanazuoni wetu nao wameifungulia mlango wake kasoro iliyofichika: mnunuzi akiikuta kasoro ya tangu kabla ya kununua, ambayo hakuonyeshwa, ana khiyari ya kukirudisha kitu na kuchukua fedha zake. Ni haki nzuri. Lakini nani kati yetu angekwenda kwa mzee yule baada ya miezi mitatu kumrudishia chuma kilichovunjika na kumdai fedha alizokwisha nunulia ndama? Haki hiyo ipo, na kuitumia huvunja ujirani. Kukagua kabla ni rahisi zaidi kwa pande zote mbili.

Basi nikapewa idhini, pamoja na mweka hazina wetu na kijana mmoja, mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye atakayeiendesha. Nilimpigia mzee simu usiku wa kuamkia siku hiyo nikamwomba jambo moja, kwamba pikipiki isiwashwe hadi tufike. Injini iliyopashwa moto mapema huwaka kwa teke moja hata ikiwa mgonjwa, na ugonjwa wa asubuhi ndio utakaomlaza mtu njiani usiku.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda chini ya mti, pikipiki iko kando yake imefutwa vumbi.

"Nagaa, Mama Fundi," akanisalimu.

"Nagaa, Baba. Shikamoo."

Tulipokwisha kujuliana hali, na maziwa yamekunywewa, nikamwambia: "Baba, kwa idhini yako, wenzangu wamenituma nitie mkono. Zingekuwa fedha zangu mwenyewe ningekuchukulia kwa neno lako. Lakini hizi ni amana."

Akacheka hata mkongojo ukamtoka mkononi. "Tia mkono, mwanangu. Ng'ombe tu hanunuliwi bila kufunuliwa kinywa, sembuse hiki."

Nikamtazama mweka hazina, naye akainamisha macho. Haya ile yote ilikuwa yetu. Mzee, aliyetumia umri wake wote katika minada ya mifugo, hakuwa nayo hata chembe.

Nilianza na karatasi, maana chuma kinaweza kutengenezwa lakini karatasi mbovu haina spana. Nambari za usajili zilikuwa herufi tatu na tarakimu tatu, hazina herufi mwishoni. Hiyo peke yake inakupa umri, kwa kuwa mtindo wa kuongeza herufi mwishoni ulianza Kenya mwaka 1989. Logibuku ilikuwa halisi, na jina lililoandikwa lilikuwa la mzee mwenyewe. Bwana shamba aliyemuuzia alikuwa amemhamishia umiliki kihalali. Nikapangusa mafuta shingoni mwa fremu, pale uma wa mbele unapopitia, nikasoma nambari iliyochongwa, kisha nikasoma ile ya kwenye injini, mweka hazina akizifuata kwa kidole katika karatasi. Zililingana. Tarakimu zilizokwanguliwa, au zilizopinda mstari kana kwamba zimechongwa na mtu mwingine, ni sababu ya kushukuru maziwa na kuaga. Tukakubaliana pia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeanzisha ombi la kuhamisha umiliki katika mtandao wa NTSA, kwa kuwa siku hizi njia ni hiyo, na kwamba fedha za mwisho zitatoka baada ya ombi kuonekana. Wako vijana wengi wanaoendesha pikipiki za majina ya watu waliokwisha kufa. Siku ya ajali ndipo hujua.

Kisha chuma. Mwanamke anayejua kuitikisa nazi sikioni kabla ya kuinunua, na kuusaga mchele baina ya vidole kujua kama ni wa mwaka huu, asidhani kazi hii imemzidi. Ni mikono ile ile, masikio yale yale.

Niliikamata injini kwa kiganja: baridi. Nikafungua tangi la petroli nikamulika ndani. Kutu ilikuwapo kidogo mdomoni lakini chini palikuwa pakavu na pasafi. Tangi lililoliwa na kutu humwaga unga mwekundu ndani ya kabureta, na utasafisha kabureta hiyo kila Ijumaa. Nikatoa plagi. Ncha yake ilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, rangi ya chai ya maziwa, na hiyo ndiyo itakiwayo. Ingekuwa nyeusi na yenye kulowa, petroli au oili inazidi. Ingekuwa nyeupe kama chokaa, injini inaunguzwa, na katika tustroki huo ni mwanzo wa msiba. Nikaurudisha plagi mahali pake, nikaisukuma kiki taratibu kwa mkono bila kuwasha. Ilikaza, ikanipinga, kisha ikaachia. Ringi zina uhai. Kiki inayoteremka laini kama mchi katika kinu kitupu inakuambia kwamba silinda imekwisha.

Magurudumu niliyainua moja moja. Lile la mbele nikalizungusha na kugonga spoki kwa bisibisi, nazo zikaitika kwa sauti moja isipokuwa mbili. Nikashika usukani nikaugeuza pole pole upande hadi upande. Katikati pakawa na kijishimo, usukani ukinasa kidogo kama mlango wenye bawaba mbovu. Beringi za shingo zimeliwa. Nikaliandika hilo. Tairi la nyuma lilikuwa jipya. La mbele lilikuwa na nyuzi nzuri bado, lakini ubavuni lilikuwa na nyufa nyembamba, na alama ya kiwandani ilikuwa na tarakimu tatu. Matairi yaliyotengenezwa tangu 2000 huwa na tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yenye tatu ni ya karne iliyopita. Mpwa wangu hakuniamini hadi alipolitazama la nyuma, na nadhani tangu siku hiyo amesoma kila tairi la Garsen.

Hadi hapo nilikuwa nimeridhika. Ndipo nikaifungua taa ya mbele.

Huifungua taa kila mara ninapotazama pikipiki ya nchi yetu hii ya mto. Watu huosha bodi, hupangusa injini, hupaka oili cheni, lakini ndani ya taa hakuna anayeosha. Maji ya Tana yanapoingia mahali hayatoki bila kuacha zawadi, nayo ni tope jembamba la rangi ya kahawa ambalo likikauka hushika kioo kama rangi. Nilikuwa nimemuuliza mzee mapema kama pikipiki iliwahi kuzama. Akanijibu bila kusita kwamba mwaka wa mafuriko wao walihamia mahali pa juu na wanyama wao, yeye akaiacha pikipiki ghalani, na maji yalipofika hapo yalikuwa ya magoti. Alama yake ipo ukutani, akasema, mkaitazame. Tulikwenda. Mstari wa maji ulikuwa kweli chini kidogo ya goti langu, na taa ya AG100 inanifika karibu na kifua.

Sasa mbele ya macho yangu, ndani ya taa, kulikuwa na tope.

Wenzangu waliona uso wangu ukibadilika. Mweka hazina akasogea, akaona, akasema kwa Kipokomo neno moja ambalo sitaliandika. Na nakiri kwamba kwa pumzi mbili tatu nami niliona jambo limekwisha: tumeambiwa magoti, na tope liko kifuani.

Lakini mshika tochi hufundishwa kumulika mara ya pili. Nikaigeuza taa juani. Tope halikuwa chini ya kioo, kama ambavyo lingekuwa katika pikipiki iliyosimama majini. Lilikuwa limeshika nusu ya kushoto yote, toka juu hadi chini, na nusu ya kulia ilikuwa safi. Mstari uliozitenga ulisimama wima. Maji hayasimami wima. Kilichokuwa kimelala ni pikipiki.

Nikafungua kifuniko cha magneto, kilicho upande wa kushoto wa injini: tope na kutu. Nikabandua kifuniko cha boksi la cheni, nalo liko kushoto, na humo ndimo tope lilikuwa limejaa kwa raha zake. Boksi linalozuia matope yasiingie huyazuia pia yasitoke. Upande wa kulia, kwenye pampu ya oili, hapakuwa na kitu. Hatimaye nikalegeza bolti ya chini ya giaboksi na kupokea oili kidogo katika kikombe cha plastiki. Ilitoka na weupe, kama chai iliyotiwa tone la maziwa. Maji yaliingia. Hayakuwa mengi, lakini yaliingia.

Nikamwendea mzee na ile taa mkononi. "Baba," nikamwambia, "maji yalikuwa ya magoti, kama ulivyosema. Lakini pikipiki haikuwa imesimama. Ililala ubavu wa kushoto, ikanywa."

Akaichukua taa, akaizungusha kama nilivyoizungusha mimi. Alikaa nayo muda. Kisha akamwita mjukuu wake kwa jina, mara moja tu, na mvulana akaja tayari akilia. Mahali palipokuwa na mguu wa kuegemea ardhi ililainika ikazama, pikipiki ikaanguka usiku, naye aliyekuwa amerudi kutazama ghala aliikuta asubuhi. Akaiinua, akaiosha, akaikausha juani, akaiwasha baada ya siku mbili, ikawaka. Akanyamaza kwa kuogopa fimbo. Tangu hapo babu yake alikuwa akimwambia kila mtu, kwa kiapo, kwamba chombo hakijazama.

Kama tungeinunua kwa haya zetu, beringi za krankshafti zilizoshikwa na kutu zingeanza kunguruma baada ya wiki chache. Fundi wa Garsen angefungua, angeona tope, angesema ilizama. Na sisi tungesema ng'ambo wana mzee mwongo. Angeapa, na kiapo chake kingekuwa cha kweli kwa kadiri ya alivyojua, na hakuna ambaye angemwamini.

Tuliiwasha hatimaye. Iliwaka kwa teke la tatu, ikatoa moshi mwingi wa buluu ambao ulipungua ilipopata joto. Kama ungeendelea, ningeshuku kwamba sili ya krankshafti imeachia na injini inanyonya oili ya giaboksi. Mpwa wangu akaizungusha njia ya Garsen na kurudi, akaizima, akaiwasha tena ikiwa moto. Breki zilishika. Upande wa kushoto wa injini, nilipoegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma, nilisikia mngurumo mdogo, kama kokoto katika kopo la mbali.

Bei haikutuchukua muda, jambo lililonishangaza. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema kwamba hawezi kupokea 45,000 kwa kitu alichokisifu kwa sifa isiyokuwa nayo. Sisi nasi hatukutaka kumkandamiza aliye katika fadhaa. Tukapatana hivi: pikipiki ipelekwe kwa fundi Garsen, ifunguliwe yeye akiwapo. Ufundi tutalipa sisi, na vipuri vitakavyohitajika kwa sababu ya maji vitatolewa katika bei. Hatukuacha arubuni. Katika madhehebu yetu ya Shafi haifai arubuni ile ambayo muuzaji huila bure biashara ikivunjika, na tulitaka kila upande ubaki huru hadi injini ionekane. Mapatano yaliandikwa katika daftari la kikundi, mashahidi wawili wakatia sahihi, mmoja kwao, mmoja kwetu.

Ilipofunguliwa, pistoni na silinda zilikuwa salama. Beringi ya kushoto ya krankshafti ilikuwa na madoa ya kutu, na sili zake zimekauka. Tulizibadilisha zote, kushoto na kulia, pamoja na beringi za shingo na oili ya giaboksi, ambayo fundi aliimwaga mara mbili hadi ikatoka safi. Mzee alikaa kwenye benchi la karakana tangu asubuhi hadi adhuhuri, akakipokea kila kipuri kilichotolewa, akakifunga katika leso. Alimpelekea mjukuu wake avione. Ikiwa fimbo ilifuata sikuuliza, ingawa nilimwombea mtoto msamaha, na mzee akaniambia kwamba amemwombea mwenyewe mbele ya Mola wake.

Bei ya mwisho ilikuwa shilingi 37,000. Katika mkutano wa kikundi wawili walipinga hadi mwisho, wakisema chombo kilichokunywa maji ya mto hakiaminiki tena. Nimewaheshimu kwa hilo, na tumeandika kwamba cheni na magneto vifunguliwe na kusafishwa kabla ya kila msimu wa mvua. Bima imekwisha lipwa. Umiliki umehamia kwa jina la kikundi. Wiki iliyopita ilimfikisha mama mmoja Ngao saa nane za usiku, naye amejifungua mtoto wa kike, Alhamdulillahi. Tairi la mbele, lile la karne iliyopita, bado halijabadilishwa, na mpwa wangu ameagizwa asiende mbio hata akiombwa na nani. Fedha zake zinangoja maembe.